Pesa za familia za mitaani: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Chokoraa wanalipwa na serikali na bado wanakuja kutuomba.

Ukweli: Hazina ya kurekebisha familia za mitaani ipo kweli. Kenya iliiunda mwaka 2003, miezi michache tu baada ya Mwai Kibaki kuingia Ikulu. Ila haikuundwa ili kumgawia hela mkononi anayelala kibarazani River Road. Fedha hupitia makao na mashirika ya kijamii na ya kidini, zikalipie chakula, malazi, ushauri nasaha, karo, mafunzo ya ufundi na nauli ya kurudi kwao. Kijana mwenye chupa ya gundi mdomoni anaweza kuwa hajawahi kuguswa hata na shilingi moja ya hizo.

Dhana: Basi wajiandikishe Inua Jamii kama wengine.

Ukweli: Inua Jamii ni mpango wa serikali wa kutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kaya zinazolea yatima, na wenye ulemavu mkubwa. Kwanza utaulizwa kitambulisho, kisha unakoishi. Msichana aliyezaliwa mtaani, na mamake pia hana kitambulisho, atatoa wapi cheti cha kuzaliwa? Chifu gani atamtambua? Kwa maoni yangu, shirika linalomsaidia mtu kupata karatasi hizo limefanya kazi kubwa kuliko linalogawa blanketi Desemba na kupiga picha.

Dhana: Hii ni shida ya Nairobi.

Ukweli: Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639. Nairobi ilikuwa na 15,337, Mombasa 7,529. Zaidi ya nusu walikuwa kaunti nyingine.

Dhana: Wakamatwe, sheria ipo.

Ukweli: Sheria ya uzururaji ilifutwa 1997. Kuwapakia watu kwenye lori usiku na kuwamwaga kaunti jirani, kama ilivyozua kelele Nakuru mwaka 2019, hakumtoi mtu mtaani. Kunambadilishia mtaa tu.

Dhana: Mtoto akirudishwa nyumbani, kazi imekwisha.

Ukweli: Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, na wala si lazima ziwe zimeibwa. Mtoto anapelekwa kwa nyanya yake kijijini na sare mpya na begi la daftari. Wiki ya kwanza majirani wanakuja kumtazama. Kisha unga unaisha, baba wa kambo aliyemfukuza kwa kipigo bado yupo, na darasani anaketi na watoto wadogo kwake kwa miaka minne. Asipopata mtu wa kumtembelea, kuzungumza na mwalimu na kumpa nyanya mtaji wa kuuza mboga, atapanda matatu arudi stendi anayoijua. Bajeti nyingi huishia siku ile ya begi. Kwa hiyo ukisomewa idadi ya watoto “waliookolewa”, uliza ni wangapi walikuwa bado shuleni mwaka mmoja baadaye.