Je, wajua? Mtakatifu Patrick hakufukuza nyoka hata mmoja

Mtakatifu Patrick, somo wa Ireland anayeadhimishwa Machi 17, huchorwa akiwa na joho la kijani, fimbo ya kiaskofu mkononi na nyoka wakijiviringisha miguuni. Husimuliwa kwamba alipanda mlimani, akafunga siku 40, kisha akawatupa nyoka wote wa kisiwa kile baharini.

Kweli Ireland haina nyoka wa asili. Ila Patrick, aliyeishi karne ya 5, hahusiki: Solinus, mwandishi wa Kirumi, alikwisha kuandika kwamba kisiwa hicho hakina nyoka kabla Patrick hajazaliwa. Sababu ni barafu. Zama za barafu kuu, Ireland haikukalika na nyoka. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda na kuitenga. Uingereza ilibaki imeshikana na Ulaya kwa muda mrefu zaidi, ndiyo maana ina aina 3 za nyoka. Waliokuwa wakielekea Ireland walikuta njia imeshakuwa maji.

Na lile jani la sehemu tatu ambalo husimuliwa kwamba alilitumia kufundishia Utatu Mtakatifu? Kisa hicho kinaonekana kwenye maandishi mwaka 1726, zaidi ya miaka 1,200 baada yake. Wala hakuwa askofu wa kwanza huko. Mwaka 431 Papa Selestino I alikwisha kumtuma Palladius kwa Waireland waliomwamini Kristo.

Sasa, ya kweli tunayajuaje? Kwa bahati adimu, mwenyewe aliandika. Yamebaki maandishi yake mawili ya Kilatini, na Kilatini chenyewe kinachechemea. Anaomba radhi kwa kukosa shule. Anasema baba yake, Calpornius, alikuwa shemasi, na babu yake padri. Akiwa na miaka kama 16 alitekwa na wavamizi, akapelekwa Ireland utumwani, akachunga mifugo miaka 6. Alikuwa akiamka alfajiri kusali, iwe theluji au mvua. Akatoroka, akarudi kwao. Baada ya miaka akarejea kwa hiari kuwahubiria watu wa nchi iliyomfanya mtumwa. Nyoka hawatajwi popote. Miujiza ya kushindana na wachawi mbele ya mfalme waliiandika wengine, kama miaka 200 baadaye.

Kwangu mimi, andiko lake la pili linazipita hadithi zote. Ni barua ya hasira kwa askari wa mtawala aitwaye Coroticus. Walikuwa wamevamia Wakristo aliowabatiza jana yake, wangali na mavazi meupe, mafuta ya krisma bado yanang'aa kwenye paji la uso. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa watumwa. Patrick alimtuma padri ambaye yeye mwenyewe alimfundisha tangu utoto wa padri huyo, aende na wenzake kuomba mateka warudishwe. Wale askari wakawacheka.