Dawson City haukuwa mji usio na sheria

Masimulizi mengi ya mbio za dhahabu za Klondike, yaani wakati watu walipokimbilia kusaka dhahabu kaskazini-magharibi mwa Kanada, huuonyesha mji wa Dawson City kama mahali ambapo kila ugomvi ulimalizwa kwa bastola. Sifa hiyo inaistahili zaidi Skagway, bandari ya Alaska upande wa Marekani, ambako genge la Soapy Smith liliwapora wasafiri hadi yeye mwenyewe alipouawa kwa risasi Julai 1898.

Dawson, uliopimwa viwanja na Joseph Ladue baada ya dhahabu kugunduliwa Agosti 1896, ulisimamiwa na polisi wa Kanada, ambao hawakumruhusu mtu kuvuka mpaka milimani bila chakula cha kumtosha takriban mwaka mzima, na ambao mjini walipiga marufuku kubeba bastola bila kibali. Jumapili baa zilifungwa, na hata kupasua kuni zako mwenyewe kulikuwa kosa. Mkosaji alitozwa faini, alifukuzwa mjini, au alipelekwa kwenye rundo la magogo la polisi, akapasue kuni za majiko ya serikali katika baridi kali.

Dhuluma kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haikuhitaji bastola: wenyeji wa mahali hapo, Watr'ondëk Hwëch'in, walilazimika kuwapisha wageni na kuhamia Moosehide, kilomita chache kuelekea chini ya mto, wakiongozwa na Chifu Isaac.