Kabla hujabadili treina, nitajie kero yako

Jumamosi moja mwezi uliopita kaka mmoja wa Mbezi Beach aliingia karakana kwangu Sinza, shikamoo haijaisha mdomoni, akanisogezea simu usoni. Kwenye kioo palikuwa na picha ya treina, ile stendi ya kuendeshea baiskeli ndani ya nyumba, ya bei ya bodaboda mpya.

"Fundi, nitafutie hii. Ile yangu imekwisha."

Nikamuuliza imekwisha vipi. Akasema dakika 20 za kwanza wati, yaani nguvu anayokanyagia, zinakaa vizuri, halafu zinaanza kuporomoka huku mapigo ya moyo yanazidi kupanda. Kwa hiyo mashine inadanganya, lazima abadilishe. Sikumuuliza ni mashine ya kampuni gani. Nilimuuliza ameifunga chumba gani na dirisha liko upande upi.

"Chumba cha wageni. Dirisha nafunga, mbu. Juu kuna pangaboi."

"Basi mashine yako nzima. Wewe ndiye unayejipika."

Alicheka, lakini sikuwa natania. Mwili wa binadamu kwenye pedeli ni injini yenye hasara kubwa: kati ya nguvu yote unayounguza, robo hivi ndiyo inafika kwenye cheni, iliyobaki inatoka kama joto. Ukisukuma wati 200, unazalisha joto la wati 600 hadi 800 mwilini kwa wakati huohuo. Hiyo ni karibu sawa na pasi ya umeme iliyowashwa, na umeivaa tumboni. Barabarani, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, upepo unakufuta lile joto bila wewe kujua. Chumbani upepo haupo. Na hewa yetu ya Dar, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, ina unyevu kiasi kwamba jasho linadondoka sakafuni kabla halijakauka. Jasho linalopoza ni lile linalokaukia kwenye ngozi. Likidondoka limepotea bure. Damu inakimbilia kwenye ngozi kutafuta ubaridi, moyo unapiga mbio, miguu inapungukiwa. Ukiangalia kioo unaona wati zinashuka, unailaumu mashine.

Pangaboi halitoshi. Linasukuma hewa kutoka juu, inakugonga utosini na mgongoni, kifua kinabaki kwenye joto. Weka feni ya kusimama mbele yako, urefu wa kifua, umbali wa hatua moja, kasi ya mwisho. Mimi natumia mbili, ya pili inapiga ubavuni. Dirisha fungua, weka wavu. Na kama ratiba inaruhusu, endesha saa kumi na moja alfajiri, ukuta wa nyumba ukiwa umepoa. Nilimrudisha kaka yule na agizo hilo, afanye wiki mbili kisha aje. Nitamrudia baadaye.

Kwa asiyeijua: treina janja ni stendi inayoshika baiskeli yako kwa nyuma, ndani yake kuna breki ya sumaku inayopokea amri kutoka kwenye programu kwa Bluetooth au ANT+, mawasiliano mengine yasiyo na waya. Mlima ukianza kwenye kioo, sumaku inakaza. Mteremko ukija, inalegea. Kati ya programu hizo, Zwift, iliyoanza mwaka 2014, ndiyo inayotajwa zaidi. Anayebana matumizi kuna MyWhoosh, haina malipo. Wenzetu wa Ulaya walizinunua kwa ajili ya theluji. Sisi hapa tunazinunua kwa ajili ya malori ya Barabara ya Bagamoyo, na masika.

Ziko za aina mbili. Sisi mafundi tunaziita ya kubana tairi na ya kutoa tairi.

Ya kubana tairi inaacha ringi la nyuma mahali pake, inalikandamizia rola. Ni ya bei nafuu, na kwa mtu anayeanza haina aibu yoyote. Ila ina masharti. Tairi za meno za baiskeli za mlimani zitanguruma kama mashine ya kusaga unga, kwa hiyo funga tairi laini. Utakuta unga mweusi sakafuni, ni mpira wa tairi unalika, usishangae. Upepo wa tairi uwe uleule kila siku, na rola ikazwe kwa kiasi kilekile. Kisha kuna kipimo ambacho wengi wanakiruka: programu inakuambia uongeze kasi hadi kiwango fulani, uache kukanyaga, nayo inahesabu sekunde hadi gurudumu lisimame. Kutokana na hapo inajua tairi lenyewe linakula nguvu kiasi gani. Kipimo hiki kifanyike baada ya dakika 10 hadi 15 za kuendesha, kwa sababu tairi lililopata moto linazunguka kwa wepesi kuliko la baridi. Ukipima ukiwa ndiyo kwanza umepanda, namba zako zitakuwa nyingine kabisa katikati ya zoezi. Nusu ya treina "zinazodanganya" ninazoletewa hazina ugonjwa mwingine.

Ya kutoa tairi, kama jina lilivyo, unatoa ringi la nyuma, unaining'iniza fremu kwenye treina na cheni inakaa kwenye kaseti, yaani fungu la gia za nyuma, iliyofungwa hapohapo kwenye mashine. Hakuna tairi la kuteleza wala la kupima. Kwa Dar, hapa ndipo watu wanapoumia, na kosa halipo kwenye treina, lipo kwenye baiskeli.

Baiskeli nyingi za mtumba tunazonunua Kariakoo ni za gia 7, na nyingi kati ya hizo zina friwili wala si kaseti. Kwa macho zinafanana. Friwili inasokotwa kwenye nyuzi za habu, kitovu cha gurudumu, na utaratibu wa kuzunguka bure uko ndani yake yenyewe. Kaseti inachomekwa kwenye bodi ya habu na utaratibu huo unabaki kwenye habu. Treina inataka kaseti. Namna ya kujua bila kufungua chochote: tazama katikati ya gia ndogo kabisa, pale spana maalumu inapoingia kuna mitaro midogo. Zungusha meno kinyumenyume kwa kidole. Mitaro ikizunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti. Ikibaki imetulia huku meno yanazunguka, ni friwili.

Ukiwa na friwili usikate tamaa, maana ringi la nyuma unalitoa hata hivyo. Unanunua kaseti ya gia 7, unaifunga kwenye treina ukitanguliza ringi nyembamba ya kujazia, milimita 4.5, kwa sababu bodi ni ndefu kuliko kaseti. Bodi ikiwa ya gia 11, unaongeza nyingine ya milimita 1.85. Ringi hizo ni za bei ya soda mbili tatu, lakini nimeona mtu amekaa na treina miezi mitatu kwenye boksi kwa kuzikosa. Kumbuka pia treina nyingi huuzwa bila kaseti ndani, soma boksi. Na pima nafasi ya fremu pale ringi linapokaa: milimita 130 au 135 kwa ekseli za kawaida, 142 au 148 kwa zile nene za kupitisha. Tuma namba hiyo kwa muuzaji kabla ya pesa.

Tangu 2023 kuna njia nyingine, Zwift Cog: sahani moja tu ya meno kwenye treina, na gia unabadilishia kwenye kitufe cha usukani, sumaku ndiyo inaigiza gia. Wenyewe wanaandika inapokea cheni za gia 8 hadi 12. Kwa nyumba yenye baiskeli ya baba na ya mtoto, zenye gia tofauti, huo ni ukombozi.

Sasa namba za kwenye boksi. KICKR CORE ya Wahoo wanaandika inaigiza mlima hadi asilimia 16 na kuhimili wati 1800. Tacx Neo 2T, asilimia 25 na wati 2200. Tacx Flux S, asilimia 10 na wati 1500. Watu wanazisoma kama wanavyosoma megapikseli za simu. Mimi na mapaja yangu sijawahi kuiona wati 1000 ikikaa sekunde tano. Kuhusu mlima, Zwift yenyewe imewekwa tangu mwanzo ipunguze ukali kwa nusu, kwa hiyo ukuta wa asilimia 20 kwenye kioo unaufikia mguu kama asilimia 10. Alpe du Zwift, ule mlima wao maarufu wenye kona 21, wastani wake ni asilimia 8.5. Kulipia asilimia 25 ni kununua lori la tani kumi ili ubebe gunia moja la mkaa.

Usahihi ni jambo la maana zaidi, ila ulifikirie kwa wati. Kwenye wati 200, kosa la asilimia 2 ni wati 4 juu au chini. La asilimia 5 ni wati 10. Kama unajifunza peke yako, wati 10 hazikuumizi ilimradi mashine ikosee vilevile kila siku, maana unajilinganisha na wewe wa wiki iliyopita. Kama unaingia mashindano ya mtandaoni na watu wengine, hapo zinaumiza, na hiyo ni sababu halali ya kubadili.

Umeme una hadithi yake. Adapta nyingi za treina zinapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo hata iliyotoka Marekani haihitaji transfoma, ni pini tu. Tatizo ni umeme ukikatika na namna unavyorudi. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo: usiku ulirudi kwa kishindo, asubuhi nikakuta adapta inanuka, taa haiwaki. Treina yenyewe ilipona, lakini nilikaa wiki sita nikisubiri adapta. Tangu hapo treina yangu inapita kwenye friji gadi, kilekile kifaa cha kulinda friji. Na usijaribu adapta ya king'amuzi au ya kompyuta kwa kuwa tundu limeingia. Ziko treina za volti 12 na ziko za volti 48. Neo ina sifa moja ninayoipenda kwa mji huu: ukikanyaga inajizalishia umeme wake, hivyo ukikatika katikati ya zoezi unaendelea. Nyingine nyingi, umeme ukienda, mguu unabaki unaelea.

Kuhusu Bluetooth nina neno moja: mashine ikikataa kuonekana kwenye kompyuta, zima kwanza Bluetooth ya simu iliyoko mfukoni. Treina nyingi za zamani hukubali kifaa kimoja tu kwa wakati, na simu imeshaiwahi.

Kisha jasho. Hili naliona kwa mikono yangu kila mwezi. Kijana mmoja aliniletea baiskeli nibadilishe tepu ya usukani. Nje ilikuwa safi, amepangusa vizuri. Nilipoanza kuivua, chini ya tepu ukadondoka unga mweupe kama chumvi ya mawe iliyosagwa. Alumini ilikuwa imeliwa. Nikabonyeza kwa bisibisi, ikazama. Usukani ule alikuwa anaushikilia Jumapili akishuka Pugu. Ndani ya nyumba jasho linadondoka mahali palepale kwa saa nzima: kwenye usukani, boliti za shingo, beringi za uma wa mbele. Tandaza taulo kutoka usukani hadi kitini, pangusa kwa kitambaa chenye maji safi ukimaliza, na vua tepu kila baada ya miezi sita uangalie kilichomo. Taulo la Kariakoo ndilo kifaa cha bei rahisi kuliko vyote kwenye mchezo huu.

Wanaotaka iliyotumika: izungushe kwa mkono ukiwa umeweka sikio karibu. Mlio laini ni mkanda, kawaida. Mkwaruzo ni beringi. Shika kaseti uitikise kushoto na kulia, isicheze. Dai adapta yake ya asili. Kisha ipandie mwenyewe dakika 15, siyo mbili, kwa sababu ubovu wa sumaku na sensa hujitokeza ikishapata moto. Muuzaji akisema hana muda huo, funga safari urudi nyumbani.

Kaka wa Mbezi alirudi baada ya wiki tatu. Feni mbili, dirisha wazi, wati zimetulia hadi dakika ya 50, mapigo yamepungua. Nikadhani nimemwokolea pesa.

"Fundi, bado naitaka mpya."

"Kwa nini tena?"

Mama mkwe wake alikuwa amehamia kwao kutoka Moshi, analala chumba cha chini ya kile cha treina, na ile rola ya kubana tairi inaanza kunguruma saa kumi na moja alfajiri. Mama hajasema kitu. Anakuja tu mezani kwa chai, anauliza kwa upole kama usiku ule tena kulikuwa na mashine ya kusaga mahali fulani hapo jirani.

Hiyo ni kero ninayoielewa. Tumeagiza ya kutoa tairi, ya asilimia 16, pamoja na mkeka mzito wa mpira wa kumeza mtetemo, kwa sababu hata mashine iliyo kimya hupitisha mtetemo kwenye zege. Baiskeli yake ilikuwa na friwili. Ringi za kujazia nimezitoa kwenye droo yangu, sikumdai.