Kwa Nini Mauaji ya Atiak Hayasikilizwi Hague

Tangu Februari 2024, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko Hague, ilipoamuru waathiriwa wa Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA, wapewe fidia ya zaidi ya euro milioni 52, maswali kutoka kaskazini mwa Uganda hayakatiki. Mama mmoja alituletea daftari la shule. Ndani mlikuwa na majina ya ndugu zake waliouawa, yameandikwa kwa penseli, na juu yake: Atiak, 20 Aprili 1995, mahali na siku LRA walipowaua raia. Alitaka tulipeleke Hague.

Haliwezekani. Mahakama hiyo husikiliza makosa yaliyotendwa kuanzia 1 Julai 2002, siku Mkataba wa Roma ulipoanza kutumika. Hakuna aliyehongwa, wala Atiak haikusahauliwa; tafadhali tuacheni kuenezeana maneno hayo.

Ukweli mchungu ni kwamba sheria ilichelewa kumfikia mwanakijiji. Mkataba wa Geneva wa 1864 ulimlinda askari majeruhi. Kesi ya viongozi wa Wanazi huko Nuremberg, mwaka 1945 na 1946, ilithibitisha kwamba anayehukumiwa ni mtu, na kwamba kusema "nilitumwa" hakumwokoi. Mikataba minne ya Geneva ya 1949 ilimkumbuka raia, lakini vita vya ndani ya nchi vikaachiwa kifungu kimoja tu, cha 3. Oktoba 1995, miezi sita baada ya Atiak, ndipo majaji wa rufaa wa mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani, katika shauri la mshtakiwa Tadić, walipoamua kwamba unyama wa vita vya ndani nao ni uhalifu wa kivita.

Mlango uliobaki uko hapa nyumbani Uganda: Kitengo cha Uhalifu wa Kimataifa cha Mahakama Kuu. Sheria yetu ya 2010 kuhusu makosa hayo, yenye adhabu ya hadi kifungo cha maisha, nayo hairudi nyuma. Ndiyo maana Thomas Kwoyelo, kamanda mwingine wa LRA, alishtakiwa kwa sheria ya desturi ya kimataifa, yaani kanuni zinazoyabana mataifa hata bila mkataba, pamoja na Kanuni ya Adhabu. Agosti 2024 alitiwa hatiani kwa makosa 44, na Oktoba akafungwa miaka 40. Wanaodai kwamba sheria ya 2000 ya kuwasamehe waasi ilifuta kila kitu wasome uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Aprili 2015 kuhusu mtu huyohuyo: msamaha haukumkinga.

Taarifa huandikishwa polisi. Kushtaki au kutoshtaki huamuliwa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Andika mahali, tarehe, majina, na nani aliona. Fomu za waathiriwa za Hague hazilipiwi. Anayekudai pesa anakuibia.

Daftari tulimrudishia mama. Nakala tumebaki nayo, kurasa zote kumi na moja.