Tiba ya mazungumzo inayojali utamaduni ni nini? Mfano wa wanawake Wahindu ughaibuni

Ni ushauri nasaha ambao mtaalamu, kabla ya kulipatia tatizo jina, humuuliza mteja anaishi na nani, anamtegemea nani, anamcha nani, na nyumbani kwao shida ya namna hiyo huelezwaje. Ugumu wake huonekana anapoingia mtu halisi. Tumchukue mwanamke Mhindu aliyehamia Marekani au Uingereza.

Saikolojia inayofundishwa vyuoni kwa sehemu kubwa ilikulia Ulaya na Marekani. Humo, mtu mzima mwenye afya ya akili ni anayejitegemea, anayesema waziwazi anachotaka, anayewawekea mipaka hata wazazi. Sasa mama anayeishi New Jersey na mumewe pamoja na mavyaa analalamika kwamba usiku hapati usingizi. Akiambiwa "jifikirie wewe kwanza, hameni", huenda wiki ijayo asirudi. Kuwa mkwe mwema ni sehemu ya heshima yake; pengine anachotafuta ni kauli ndani ya nyumba, si kuivunja nyumba. Mshauri mjuzi atauliza ni nani anayesikilizwa katika ukoo, wifi au mjomba, na kama mteja angependa aitwe. Huko India kwenyewe jambo hili si geni: miaka ya 1950, mjini Amritsar, daktari Vidya Sagar aliwaruhusu jamaa wa wagonjwa wa akili wakae nao hospitalini, kwenye mahema, washiriki kuwauguza.

Kuna na dini. Karma, imani kwamba matendo ya mtu humrudia, hata yale ya maisha yaliyotangulia, inaweza kumlemea mtu ("nalipia maisha yaliyopita"), na inaweza kumwinua, kwa kuwa tendo la leo nalo lina matunda yake. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inaanza na shujaa Arjuna akitetemeka, kinywa kimemkauka, upinde unamponyoka. Aliyekulia kwenye kisa hicho haoni ajabu kusikia kwamba hofu hushika mwili. Ila mshauri asiichomoe Gita kama mganga anayegawa hirizi. Wapo Wahindu wasioisoma kabisa.

Wengi huteleza hapo, kwa maoni yangu: wanajifunza kwamba "Wahindu wako hivi", kisha wanaacha kusikiliza. Idi Amin alipowafukuza Waasia kutoka Uganda mwaka 1972, familia nyingi za Wagujarati, wenye asili ya Gujarat huko India, zilikwenda Leicester, mji wa Uingereza ambao halmashauri yake ilikuwa imetoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Bibi wa kundi hilo aliacha duka Kampala, na jikoni kwake mihogo bado inaitwa "mogo". Ukimuuliza habari za "kwenu India" umeshampoteza. Huenda hakuwahi hata kuiona. Msiba wake uko Afrika. Tena hafanani na binti aliyefika Marekani juzi kwa viza ya H-4, ile ya wenzi wa wafanyakazi wenye H-1B, viza ya kazi za kitaalamu. Huyo ana shahada yake, lakini hadi 2015 wenye viza hiyo hawakuruhusiwa kuajiriwa, na tangu hapo wanaoruhusiwa ni baadhi tu. Sonona ya huyu yaweza kuwa imeletwa na sheria ya uhamiaji, mila haimo.

Ndiyo maana mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, uliweka mahojiano ya maswali 16 kuhusu utamaduni: mteja ndiye anayeeleza, mshauri anaandika.

Kujali utamaduni si kufumbia macho kipigo. Mume kuchaguliwa na wazazi hakumpi ruhusa ya kupiga, na mshauri anayenyamaza kwa kudhani "ndivyo walivyo" amemtelekeza mteja wake. Wanawake wenye asili ya Asia Kusini wamelipinga hilo wenyewe siku nyingi, kupitia mashirika kama Southall Black Sisters ya London tangu 1979, na Manavi ya New Jersey tangu 1985.

Mkalimani naye asiwe mume wala mtoto. Na mshauri wa jamii ileile si lazima awe nafuu: wengine hawamtaki, wakihofia siri itatangulia kufika hekaluni, ilhali wengine hawamtaki mwingine yeyote. Aulizwe mwenyewe, siku ya kwanza.