Kabla ya kufyeka nyasi, tazama maji: ufafanuzi kuhusu mazalia ya mbu

Kila mvua zinapoanza kupungua, malalamiko kuhusu mbu huongezeka. Wapo wanaodai dawa ya kupulizia ipite mtaani, na wapo wanaomlalamikia jirani kwa kutofyeka nyasi. Sisi wa ofisi ya afya ya jamii tunayapokea yote kwa nia njema. Lakini lazima lieleweke jambo moja: mbu hazaliani kwenye nyasi. Mchana hujificha kwenye majani, kwenye kona zenye giza na chini ya vitanda, ila mayai huyataga majini au mahali ambapo maji yatafika. Unaweza kufyeka uwanja ukabaki mweupe, huku tairi moja chakavu nyuma ya nyumba likiendelea kutoa mbu wiki baada ya wiki. Faida ya kufyeka ni kwamba makopo na vifuu vilivyofichika huonekana. Vikishaonekana, viokotwe.

Dhana nyingine, na hii inatugharimu zaidi, ni kwamba malaria hutokana na maji machafu. Wananchi huonyesha mtaro unaonuka, wakaviruka vidimbwi vya maji maangavu vilivyo hatua chache kando yake. Anopheles gambiae, mbu anayeongoza kueneza malaria barani Afrika, hupenda zaidi maji mapya, yaliyotuama, yasiyo na uchafu mwingi na yanayopigwa na jua: alama za kwato, mikwaruzo ya magurudumu, mashimo ya kuchimba udongo wa matofali, majaruba ya mpunga wakati miche bado mifupi. Jua hupasha maji moto na kuotesha mwani ambao ni chakula cha viluwiluwi wa mbu. Tena dimbwi jipya halijapata wadudu wa majini wanaowala viluwiluwi. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30, safari ya yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua takriban siku 7 hadi 14. Dimbwi linalokauka siku ya nne halimfai. Linalodumu wiki mbili limekwisha kutoa kizazi.

Ndugu yake, Anopheles funestus, ana tabia nyingine. Yeye hupenda maji ya kudumu yenye mimea na kivuli, kama kingo za vinamasi na mabwawa, ndiyo maana katika maeneo mengi malaria huendelea hata kiangazi. Hapo ndipo tunapoomba watu wasikimbilie panga. Ukikata mimea ya kinamasi na kuacha maji pale pale, umemfukuza mbu wa kivulini na kumkaribisha wa juani. Maji yaondolewe kwanza, au yaachwe mpaka mtaalamu ayaone.

Mtaro ule unaonuka nao una wake. Ni Culex quinquefasciatus, anayezaliana kwenye vyoo vya shimo vilivyojaa maji, makaro yaliyopasuka na mifereji iliyoziba. Huyu ndiye anayepiga kelele sikioni usiku, na katika maeneo mengi hueneza minyoo inayosababisha matende na mabusha. Mtaro uzibuliwe, bila shaka. Ila asitarajie mtu kwamba malaria itaisha kwa sababu mtaro umezibuliwa.

Kwa upande wa homa ya dengi na chikungunya, tatizo limo ndani ya ua na mara nyingi ndani ya nyumba. Aedes aegypti, mbu anayeyaeneza, hutaga kwenye vyombo: mapipa, ndoo, sahani za chini ya maua, mifereji ya mapaa iliyoziba majani, trei ya nyuma ya jokofu. Mayai yake hayaelei. Huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Ukiinamisha pipa juani na kuangalia pale maji yalipoishia, utaona punje nyeusi zisizozidi milimita moja, zimeshika kama zimegundishwa. Mayai haya hustahimili ukavu kwa miezi, kisha maji yakiyafikia huanguliwa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua kuta za chombo kwa brashi au gunzi, hasa kwenye ule mstari, angalau mara moja kila wiki, na maji umwage kwenye ardhi kavu, si mtaroni. Mfuniko uwe umebana. Pipa lenye mfuniko uliopasuka lina kivuli na utulivu, mbu hatafuti zaidi ya hapo.

Wakazi wa mijini wamezoea kusema malaria ni ya shamba. Lakini Anopheles stephensi, mbu wa malaria mwenye asili ya Asia anayezaliana kwenye matangi na visima vya mjini, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012. Mwaka huo nchi hiyo ilirekodi wagonjwa 27 wa malaria. Mwaka 2020 walizidi 70,000. Tangu hapo ameonekana katika nchi nyingine kadhaa za Afrika. Tangi lisilofunikwa sasa ni suala la malaria pia.

Kuhusu kupulizia dawa: moshi ule huua mbu wanaoruka wakati huo. Hauyafikii mayai wala viluwiluwi, na mbu wapya wanaweza kutoka majini kesho yake. Dawa ya kibaolojia ya kuua viluwiluwi inafaa pale mazalia yanapokuwa machache, ya kudumu na rahisi kupatikana, lakini lazima iliwe ndipo iue, na buu, yaani kiluwiluwi aliyekwisha kukomaa na kukaribia kuwa mbu, hali chakula, kwa hiyo hurudiwa kwa ratiba. Oili chafu ya gari usimwage majini kabisa. Inaharibu maji na udongo, na tunashangaa kwamba ushauri huu bado unapitishwa mtaani.

Mkaguzi akifika kwako, asikushangaze anavyofanya. Husimama akielekea jua ili kivuli chake kisianguke kwenye maji, kwa kuwa viluwiluwi wakihisi kivuli huzama. Husubiri watulie, kisha huteka kwa upawa mweupe pembeni mwa dimbwi. Viluwiluwi wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Wa Culex na Aedes huning'inia kichwa chini. Huhesabu pia vyombo vilivyo na viluwiluwi kwa kila nyumba 100 zilizokaguliwa, na hesabu hiyo ndiyo huamua mtaa upi uanze kushughulikiwa. Kumfungia geti ni kuuondoa mtaa wako kwenye hesabu.

Sheria za afya ya jamii za nchi nyingi huyahesabu mazalia ya mbu kuwa kero, bila kujali kama mhusika alikusudia. Taratibu hutofautiana, ila kwa kawaida mwenye eneo au anayelitumia hupewa notisi ya maandishi inayotaja zalio, mahali lilipo, hatua inayotakiwa na muda wake. Muda ukiisha hufanyika ukaguzi wa marudio. Asipotekeleza, mamlaka inaweza kuifanya kazi hiyo na kumdai gharama, au kumfikisha mahakamani. Kulipa faini hakufuti notisi; maji bado yatatakiwa kuondolewa. Kiwanja kisichojengwa kina mwenyewe, na notisi humfuata alipo. Mpangaji naye asijibu kwamba tangi ni la mwenye nyumba, maana anayelitumia kila siku ni yeye.

Taarifa inayosema "mbu wamezidi" haitupi pa kuanzia. Tueleze maji yako wapi, yametuama tangu lini, yapo juani au kivulini, yananuka au ni maangavu, na kama umeona viluwiluwi ndani yake. Eleza pia kama mnaumwa mchana au usiku, kwa kuwa Aedes huuma zaidi mchana, ilhali Culex na Anopheles walio wengi huuma usiku. Kwa maelezo hayo mkaguzi atajua achukue vifaa gani na aanzie upande upi wa mtaa.