Darubini inayokuza zaidi si lazima ionyeshe vizuri zaidi

Wengi wanaotafuta darubini ya macho mawili ya bei ya kati huangalia namba moja tu: inakuza mara ngapi. Kwa hiyo 20x50 huonekana bora kuliko 8x42. Hapo ndipo watu wanapopoteza hela zao, na inaniuma kila nikiona.

Namba ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukikuza mara 20, mtikisiko wa mikono nao unakuzwa mara 20. Ndege aliyetulia tawini anaonekana anarukaruka, na bila stendi ya miguu mitatu humfaidi. Eneo unaloliona nalo hupungua, hivyo hata kumpata huyo ndege ni kazi.

Kisha kuna mwanga. Gawa namba ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni milimita 5.25, 50 kwa 20 ni 2.5 tu. Huo ndio upana wa mwanga unaolifikia jicho, na jioni mboni hupanuka ikitaka zaidi. Ishike darubini mbali kidogo na uso, uielekeze penye mwanga (kamwe si kwenye jua), utaviona viduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za upande wa jicho. Vikiwa na kingo zilizokatwa, mara nyingi prizimu zake (vipande vya kioo vya ndani vinavyogeuza picha isimame wima) ni za daraja la chini.

Kwa hela ya wastani, mimi ningechukua 8x42 ambayo lenzi zake zote zimepakwa tabaka kadhaa za kupunguza mwakisiko. Anayevaa miwani ahakikishe picha yote inaonekana jicho likiwa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye lenzi ya darubini ya upande wa jicho.